Sindano za Spoku

Evod alicheka.

Inspekta Balbina Ngwale alikuwa ameshaona mahabusu wakilia, wakisali, na mmoja wa Mlimba aliyejifanya bubu mpaka siafu walipomwingia kwenye suruali. Wa kucheka vielelezo vya polisi hakuwahi kumwona. Evod alivitazama vipande vya chuma vilivyomwagwa juu ya gazeti, akatazama karatasi ya khaki vilimotoka, kisha akamtazama Inspekta kama mtu aliyeletewa ugali mbichi.

"Hivi ndivyo mlivyonikamatia, afande?"

"Mtu amekufa, Evod."

"Najua amekufa. Fridolin alikuwa rafiki yangu, ingawa kichwani hakuwa na kitu." Alisogeza kijiti kimoja kwa ukucha mweusi. "Lakini hii si beringi yangu. Hii si beringi ya mtu yeyote. Hizi ni spoku za baiskeli zilizokatwakatwa."

Kisa chenyewe kilikuwa kifupi. Katika mashine ya kukoboa mpunga ya Mzee Alphonce, pale Viwanja Sitini, kuna mkono wa chuma unaotikisa chekeche. Wiki iliyopita mkono huo ulichomoka mashine ikiwa kasi, ukampiga Fridolin shingoni. Ndiye aliyekuwa mwendesha mashine. Alikata roho ndani ya bajaji, kabla ya kufika hospitali. Evod ndiye fundi aliyeutengeneza mkono huo, na Mzee Alphonce alikuwa ameshawaambia polisi, paroko na kila aliyekuja kutoa pole kwamba fundi yule mlevi aliweka beringi nyembamba kama bati la kopo la maziwa mahali palipotaka kitu cha maana. Kesho asubuhi Evod angesimamishwa mahakamani kwa kuua bila kukusudia. Jalada lilikuwa limekamilika, na Balbina hakuwa na imani na majalada yanayokamilika upesi.

"Basi niambie uliweka nini."

"Utaelewa?"

"Nikielezwa na mtu anayejua, nitaelewa. Kama hujui, sema turudi selo."

Hilo lilimchoma. Evod alikuwa mtu wa majivuno; kwa maneno yake mwenyewe, bonde zima la Kilombero halina mafundi, lina watu wenye spana. Akajiweka sawa kwenye benchi.

"Mwishoni mwa mkono ule kuna jicho, na jicho linakaa kwenye pini inayozunguka. Pale hapana nafasi. Huku fremu, huku lifti ya kupandishia mpunga, mkono unapita katikati kwa kujibana. Kiwandani waliweka bushi ya shaba, bushi ikaliwa. Mzee akataka nimwekee beringi ya gololi, ile nene, kwa sababu anaamini kitu kikiwa na kitambi ndicho chenye nguvu. Nikamwambia, ili gololi iingie, lazima nilichimbe jicho mpaka ukuta wake ubaki kama ukucha. Litapasuka siku hiyohiyo."

"Jalada linasema ukaweka sindano."

"Beringi ya sindano. Vijiti vyembamba vya chuma kigumu ndani ya ganda jembamba. Gololi inagusa kwa nukta, kijiti kinagusa kwa urefu wake wote. Ndiyo maana kinabeba mzigo mkubwa na hakichukui nafasi. Nikajaribu pini kwa tupa, tupa ikateleza. Pini ni ngumu, kwa hiyo sindano zinatembea juu yake moja kwa moja, sihitaji ringi ya ndani. Hapo nimeokoa nafasi tena. Nikachukua yenye keji ya kuzitenganisha sindano, maana pale panakwenda mbio, zisipotenganishwa zinasuguana zenyewe. Nikaunyoosha mkono kwanza, maana sindano hazitaki kupindwa. Kisha nikaisukuma beringi kwa vaisi, taratibu, upande wenye maandishi ukiwa nje. Upande huo ndio mgumu, ndio wa kusukumia. Anayesukumia upande mwingine ni mjinga."

"Na spoku zimeingiaje?"

"Muulize aliyezikata. Mimi napanda pikipiki."

Balbina akavikusanya vipande. Maelezo yalikuwa mazuri, lakini mtu anaweza kuijua beringi kama kiganja chake na bado akaiuza usiku kwa ajili ya pombe. Harufu ya Evod haikumsaidia.

"Na huyo mhandisi wao aliyeandika ripoti," Evod alisema mlangoni, "muulize kama aligusa hata nati moja."

Duka la vipuri la Jenifer lilikuwa jirani na soko, limejaa mikanda, mabomba, tairi na minyororo mpaka dari. Jenifer mwenyewe alikuwa msichana wa kucha ndefu na macho makali, na wateja wengi walifanya kosa la kuziangalia kucha.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Evod alinunua nini kwako kwa ajili ya mashine ya Mzee Alphonce?"

"Beringi ya sindano yenye keji. Alinisumbua mpaka nikataka kumfukuza. Nilimpa ya kwanza, akasema hiyo sindano zimejazana bila keji, ni ya mahali panapokwenda polepole. Nikampa ya pili, akasema ina ringi mbili, itamla nafasi. Alikuja na kipimo chake shingoni kama daktari. Mwisho nikaagiza Dar, zikaja mbili. Moja akachukua. Nyingine ile pale inapata vumbi. Watu wanaishika, wanauliza bei, wanasonya, wanaondoka."

"Hakuna mwingine anayeuza hii hapa mjini?"

"Ifakara nzima? Hakuna. Watu wanataka kitu kinene."

Balbina akamimina vipande juu ya kaunta. Jenifer akaviviringisha kwa kidole. Kimoja kilikuwa bado na nyuzi za kufungia nati mwishoni, na hapo hapakuwa na la kubishana: spoku. Kisha akaliokota ganda lililobondeka, lile lililokuwa limezizunguka spoku, akalifuta kwa kitambaa chenye petroli. Chini ya masizi ikatokea rangi ya kijani.

"Hili ni bomba la pampu," alisema Jenifer. "Pampu ya baiskeli, lakini za zamani, za chuma. Mimi nauza za plastiki. Za chuma sijawahi hata kuziagiza."

"Kwa hiyo mtu aliing'oa beringi nzima na ganda lake, akaziba nafasi ya ganda kwa pampu, akaijaza spoku."

"Na grisi ya kutosha ili zisidondoke wakati wa kufunga. Wanafanya hivyo kwenye baiskeli za kubebea mpunga huko Lupiro, gololi za pedeli zikipotea. Inatembea siku mbili tatu. Lakini baiskeli ikikwama unashuka. Mashine hushuki."

"Evod anaweza kufanya hivi?"

Jenifer alifikiri. "Kuiuza beringi anaweza. Akiwa na kiu, Evod anaweza kuuza kengele ya kanisa. Lakini kukata spoku..." Akatikisa kichwa. "Kwa majivuno yale? Angeona aibu hata akiwa peke yake."

Balbina akaandika la kwanza na kuliacha la pili. Aibu ya mlevi haikubaliki mahakamani.

Ofisi ya Mzee Alphonce ilikuwa mbele ya mashine yake iliyonyamazishwa, na kila kitu ndani yake kilikuwa kikimsifu mwenyewe. Kulikuwa na cheti cha mlezi wa kwaya, na kalenda ya mwaka huu yenye picha yake akitabasamu. Ukutani, juu ya kiti chake, palitundikwa baiskeli kuukuu ya kijani iliyosuguliwa ikang'aa.

"Shikamoo, mzee," alisema Balbina. Alimpa shikamoo hiyo kama mtu anavyolipa ushuru.

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Huyu ni Mhandisi Barnaba, shemeji yangu kutoka Dar. Ametusaidia kuandika ripoti."

Mhandisi Barnaba alikuwa amevaa viatu ambavyo havikuwahi kukanyaga pumba. Akasalimia kwa ncha za vidole.

"Kitaalamu," alianza, "tatizo ni wembamba wa kipande kilichotumika. Beringi nyembamba namna ile haiwezi kuhimili..."

"Uliifungua mashine?"

"Haikuwa lazima. Kwa uzoefu..."

"Uliona kilichotoka ndani ya jicho?"

"Nilielezwa."

"Na nani?"

Mhandisi akamtazama shemeji yake. Balbina hakumsubiri amalize kumtazama. Alikuwa ameshapoteza muda mwingi maishani akiwasikiliza wanaume wanaojua wasichokiona.

Mzee Alphonce akaingilia. Alikuwa na sauti nene ya mtu aliyezoea kusubiri wengine wamalize kuucheka utani wake. "Mwanangu, mimi umakanika naujua. Unaiona hiyo?" Akaelekeza kidole juu. "Hiyo ndiyo iliyonitoa. Nilikuwa fundi baiskeli Lupiro, sina hata ndala. Watu wanavuka mto na magunia, mimi naunga spoku, naunga pedeli. Leo nina mashine mbili, hii na ya Mbingu. Na baiskeli yangu ipo, kila kitu cha kiwandani. Kengele, dinamo, karia. Sijabadilisha hata nati."

Balbina akasimama chini ya baiskeli. Kengele ilikuwepo. Dinamo ilikuwepo. Kwenye bomba la kiti palikuwa na vishikizo viwili, kimoja juu na kimoja chini, havikushika kitu. Kati ya vishikizo hivyo kijani kilikuwa kibichi kuliko pengine pote, kama kwenye ukuta palipoondolewa picha.

"Na pampu?"

"Pampu?" Mzee Alphonce akakohoa. "Ah, pampu iliibiwa. Zamani sana. Enzi za Lupiro hukohuko."

"Pole."

Akageuka, akaitazama kalenda. Katika picha Mzee Alphonce alikuwa amevaa suti ya bluu, mkono mmoja kiunoni na mwingine juu ya tandiko la baiskeli ileile, kwenye sakafu ya ofisi ileile. Pampu ya kijani ilikuwa mahali pake, imekaa wima, imepigwa brashi kwa ajili ya mpiga picha. Mtu mwenye majivuno ana hasara moja, hawezi kujizuia kupigwa picha.

Balbina akaipa kalenda mgongo. Akauliza tu, kwa upole ambao wenzake kituoni waliuogopa, kama mashine zitaanza lini.

"Baada ya matanga," alisema Mzee Alphonce, akashika kifua. "Zote mbili nimezizima. Msimu huu wa mavuno, mpunga umejaa mpaka barabarani, lakini nikasema hapana. Fridolin alikuwa mwanangu. Hakuna punje itakayokobolewa Viwanja Sitini wala Mbingu mpaka tuanue matanga. Hasara ni yangu. Na leo nawapelekea wafiwa mchele, magunia matatu, yale pale."

Magunia yalikuwa kivulini, karibu na mlango, yakisubiri gari. Balbina alipita kando yake akitoka. Akaweka kiganja juu ya gunia la juu, kama mwenye kulipongeza.

Lilikuwa na joto.

Mchele hutoka mashineni ukiwa wa moto, na ukishonwa ndani ya gunia joto lake hukaa saa kadhaa. Kila mtoto wa bonde hili analijua hilo, maana kila mmoja amewahi kulalia gunia hilo asubuhi ya baridi. Mashine ya hapa ilikuwa na kofuli ya polisi. Kwa hiyo ule mchele ulikobolewa leo, mahali pengine. Na Mbingu, kama Balbina alivyokuwa akisikia kwa shangazi yake kila Jumapili, mashine ya Mzee Alphonce ilikuwa imekufa tangu mwanzo wa mavuno, watu wakawa wanapakia mpunga kwenye pikipiki kuuleta mjini.

Mashine iliyokufa ilikuwa imefufuka. Balbina akataka kujua imefufuliwa kwa kitu gani.

Akapitia tena dukani kwa Jenifer.

"Ile beringi ya pili naichukua. Nitailipia mwenyewe. Halafu niambie, nani amewahi kuishika?"

"Wengi."

"Mwenye mashine ya kukoboa."

Jenifer akaipangusa vumbi kwa ncha ya kitenge. "Mzee Alphonce. Alisema anataka ya Mbingu, mashine zake ni ndugu. Akauliza bei, akasonya. Akasema, 'Kitu chembamba hivi kwa bei ya jogoo? Si kheri nile jogoo.' Akaitupa kaunta, akaondoka."

"Mbona hukuniambia asubuhi?"

"Uliniuliza habari za Evod, afande. Hukuniuliza habari za Mzee."

Kweli, hakuuliza. Balbina alijikasirikia hadi yeye na koplo wake walipoipita reli wakielekea Mbingu.

Mashine ya Mbingu walianza kuisikia kabla hawajaiona. Ilikuwa inanguruma kwa raha, na foleni ya magunia ilitoka mlangoni mpaka kwenye mwembe wa jirani. Hapo ndipo maombolezo ya Mzee Alphonce yalipoishia.

Sylvanus, mwendesha mashine, alikuwa mweupe wa vumbi la pumba mpaka kope. Alipoiona sare alifanya kile ambacho Balbina alikidharau kuliko uongo wenyewe: alianza kujibu kabla ya kuulizwa.

"Mimi naendesha tu, afande. Mambo ya bosi siyajui."

"Zima."

"Afande, bosi alisema nisizime, kuna mpunga wa mnunuzi wa Dar, na..."

"Sylvanus, mtu mwingine aliambiwa asizime. Unajua yuko wapi sasa?"

Mashine ikazimwa. Mama mmoja kwenye foleni akauliza kama umeme umekatika.

"Fungua mkono wa chekeche."

Sylvanus alifungua nati huku akitoka jasho. Jicho la mkono lilipotoka kwenye pini, Balbina akalimulika kwa tochi. Ndani yake lilikaa ganda jembamba linalong'aa, na ndani ya ganda, sindano, zote zimepangwa kwenye keji, zimelowa grisi. Akaitoa mfukoni beringi aliyoinunua kwa Jenifer, akaiweka kando. Zilikuwa pacha. Tofauti ilikuwa moja. Hii ya Mbingu maandishi yake yalikuwa ndani, na mdomo wa nje, ule laini, ulikuwa na makovu ya nyundo. Mtu aliigongomea upande usio wake.

"Nani aliifunga?"

"Mimi sijui, afande."

"Vizuri. Basi ni wewe. Koplo, pingu."

"Bosi!" Sylvanus alipayuka. "Bosi mwenyewe, kwa mkono wake! Alikuja nayo usiku amefunga kwenye leso. Akasema anazijua beringi tangu sijazaliwa. Nikamuuliza, bosi, kule kwa Fridolin kumebaki nini? Akasema ameshaweka kitu cha kusukumia siku chache, mpaka mpunga wa Dar uishe."

"Kitu gani?"

"Hakusema. Ila mikono yake ilikuwa na rangi ya kijani."

"Na Fridolin alipokufa, ukakaa kimya."

Sylvanus akatazama miguu yake. "Nina watoto, afande."

"Na Fridolin alikuwa na nini, kuku?"

Akamwandikisha maelezo palepale, juu ya gunia, akamtaka atie saini. Kisha akapiga simu kituoni: beringi imepatikana Mbingu, imegongomewa kwa nyundo, jalada la Evod lisitoke. Koplo wa zamu akasikika akizungumza na mtu, halafu akarudi.

"Afande, mahabusu anauliza beringi yake iligongwa upande gani."

"Mwambie upande wa wajinga."

Kicheko cha Evod kilisikika mpaka Mbingu.

Msiba ulikuwa nyumbani kwa marehemu, chini ya turubai la bluu. Kina mama wa jumuiya walikuwa wamemaliza rozari, masufuria yapo mekoni, na kuku wa Katarina, mjane, walikuwa wakidonoa punje zilizodondoka kwenye magunia matatu. Mzee Alphonce alikuwa amesimama mbele ya watu. Balbina alifika akiwa katikati ya hotuba.

"...nami nasema, damu ya Fridolin haitapotea bure. Yule mlevi atajibu mbele ya sheria. Mimi kwa upande wangu nimezima mashine zangu..."

Balbina alimfuata mjane kwanza, akapiga goti, akampa mkono. "Pole sana, dada." Kisha akamsogelea Mzee Alphonce, akasema kwa sauti ya chini, "Mzee, naomba tuongee pembeni."

Alimpa nafasi hiyo kwa heshima ya msiba, si kwa heshima yake. Mzee Alphonce hakuijua tofauti.

"Pembeni kwa nini? Hawa ni watu wangu. Sema hapahapa!"

"Mashine ya Mbingu ilikuwa inakoboa leo."

Watu wakageuka.

"Hayo ni... kijana wa kule hasikii. Nitamwadhibu."

"Mchele huu ulioleta msibani ulikuwa na joto nilipougusa. Uliukoboa kwa beringi aliyoifunga Evod hapa Viwanja Sitini. Uliing'oa ukaipeleka Mbingu. Hapa ukakata pampu ya baiskeli yako na spoku, ukajaza jicho, ukapaka grisi, ukamwachia Fridolin."

"Nani kasema?"

"Sylvanus kasema. Kalenda yako imesema. Baiskeli yako imesema. Uliniambia pampu iliibiwa enzi za Lupiro, na kwenye kalenda ya mwaka huu uko nayo pichani."

Mhandisi Barnaba, aliyekuwa kiti cha mbele, akainuka taratibu akaenda kusimama nyuma ya watu, karibu na gari lake. Hakuna aliyemzuia. Huko ndiko alikostahili.

Mzee Alphonce alijaribu njia yake ya mwisho, ile ya kuwa mnyonge. Sauti ikashuka. "Ilikuwa ya siku chache tu, mwanangu. Mimi nimeunga spoku maisha yangu yote, hazijawahi kuua mtu. Mpunga wa Dar ungeharibika. Ningeirudisha. Beringi zenyewe hazipatikani, Ifakara nzima hakuna..."

Balbina akatoa mfukoni beringi ya Jenifer, akaiweka juu ya gunia la mchele, mbele yake. Ilikuwa bado na harufu ya mafuta ya dukani.

"Hii uliishika. Ukauliza bei, ukasonya."

Hapo Katarina akasimama. Alikuwa amekaa mkekani tangu siku ya mazishi, na kina mama wawili walimshika mikono wakidhani anaanguka. Hakuwa anaanguka. Akaja mpaka kwenye gunia, akaiokota beringi, akaiweka kiganjani. Ilienea kiganjani na nafasi ikabaki.

"Alikuja nyumbani akasema mashine inalia," alisema, bila kumtazama mtu. "Alisema inalia kama inatafuna changarawe. Nikamwambia, izime. Akasema, bosi kasema nisizime. Akasema kesho nitainama nisikilize inalia wapi."

Masufuria yaliendelea kuchemka peke yake.

"Mkono ulimkuta ameinama," alisema Balbina. "Ndiyo."

Katarina akaigeuza beringi, akazitazama sindano zikizunguka taratibu chini ya kidole chake.

"Shilingi ngapi hii?"

"Bei ya jogoo mmoja, dada."

Katarina akatazama uani. Jogoo wake mwekundu alikuwa juu ya gunia la tatu, anadonoa mshono. Kisha akainua macho kwa Mzee Alphonce, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama anayezungumza na jirani aliyekuja kuazima chumvi.

"Si ungesema tu, mzee? Jogoo ningekupa mimi."